Gitaa Lisilo na Kichwa

Swali: Shikamoo fundi. Napiga solo kwenye bendi ya harusi hapa Tanga. Nimedunduliza pesa miaka miwili, na shemeji yangu aliyeko Maskati amenitafutia gitaa la mtumba lisilo na kichwa. Funguo za kukazia nyuzi ziko nyuma kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye bodi. Nilipowaonyesha wenzangu picha walicheka mpaka wakakaa chini. Kiongozi wetu, mzee aliyepiga dansi tangu miaka ya 1970, amesema gitaa ni mti, lina kiuno, lina shingo na lina kichwa, mengine ni midoli. Simu zimebadilika, kamera zimebadilika. Kwa nini gitaa la umeme bado ni lile la 1954? Walilipatia mara ya kwanza, au wapigaji ndio wagumu kubadilika? Na mimi nichukue hilo au nitafute la kawaida?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mzee wako mfikishie salamu, maana nitamtaja sana hapa na si kwa ubaya. Kuna mahali amepatia kuliko anavyojua. Ila tuanzie alipoteleza.

Gitaa ni mti, anasema. Gitaa la umeme la kwanza kufanikiwa sokoni halikuwa mti hata kidogo. Alilibuni George Beauchamp kule Los Angeles mwaka 1931, na kampuni aliyoiendesha pamoja na Adolph Rickenbacker ikaanza kuliuza mwaka uliofuata. Lilikuwa alumini ya kumimina kuanzia kichwa hadi kitako, bodi duara na shingo ndefu, la kulaza mapajani kwa mtindo wa Hawaii. Watu wakaliita kikaango, na ukiona picha yake utakubali. Shida yake ilikuwa joto: taa za jukwaani zikiipasha alumini inatanuka, na nyuzi zinahama katikati ya wimbo. Mti ulirudi kwa sababu kama hizo, na kwa sababu viwanda vilikuwa na mbao na mafundi wa mbao. Hakuna aliyeshushiwa wahyi.

Huo mwaka 1954 unaoutaja ni wa gitaa la Stratocaster, na aliyelibuni hakujua kupiga gitaa. Leo Fender alikuwa fundi redio wa Fullerton, California. Ukilishika hilo, umbo lote la magitaa yake linaeleweka. Fundi redio anajua kila kitu kitakufa siku moja, kwa hiyo swali lake la kwanza ni kitafunguliwaje. Gitaa lake la bodi nzima (ubao usio na uwazi ndani) lililoanza kuuzwa 1950, ambalo mwaka uliofuata likapewa jina la Telecaster, shingo yake ilikatwa kwenye ubao bapa wa mepo ikafungwa kwenye bodi kwa skrubu 4. Hakuna gundi, hakuna nakshi. Freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) zikilika, fungua shingo, funga nyingine. Watengenezaji wa magitaa ya kuchonga wakamcheka, wakasema hilo ni kasia la mtumbwi. Kwa hiyo kicheko ulichochekwa wewe kina zaidi ya miaka 70, na kilianza na gitaa hilihili ambalo mzee leo analiita la kweli.

Kwa Stratocaster alikwenda mbali zaidi. Nikupe mfano wa karibu. Katika harusi moja Mbagala, gitaa la solo la aina hiyo lilinyamaza ghafla wakati MC anaita ukoo wa bwana harusi kutoa zawadi. Nilifungua bamba la plastiki la mbele kwa bisibisi ya nyota. Pikapu zote 3 (siyo gari, ni zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, zinazokaa chini ya nyuzi), swichi, volyumu na toni, vyote vimefungwa kwenye bamba hilo. Ukiligeuza, gitaa lote liko mbele yako kama redio iliyofunuliwa mgongo. Waya wa tundu la kebo ulikuwa umeachia. Nikachomoa friji la soda, nikachomeka chuma changu cha kulehemu, tone moja la risasi, nikafunga. MC alikuwa bado hajafika kwa wajomba.

Siku ileile ya Mbagala ingekuwa gitaa la pili la bendi ndilo lililokufa, tungefunga mdomo. Lilikuwa la kisasa, na ndani yake kuna saketi ndogo iliyozamishwa kwenye plastiki nyeusi ngumu. Baadaye ilikuja kufa kweli. Aliyelitengeneza hakuwa tena na saketi ya toleo lile, na mwenye gitaa akaishia kuja kwangu niling'oe kila kitu nimwekee pikapu mbili za kawaida. Sasa lina tundu moja lisilo na kazi, ameliziba kwa stika ya timu yake.

Turudi kwenye historia kidogo, maana nusu ya jibu lako iko huko.

Washindani wakubwa wa Fender walikuwa Gibson wa Kalamazoo, Michigan, waliotoa gitaa la Les Paul mwaka 1952. Pikapu za wakati ule, za pande zote, zilikuwa na koili moja. Koili moja inanasa uzi unavyotikisika, lakini inanasa pia umeme wa ukumbi. Ule mvumo kama wa nyuki ndani ya spika ukisimama karibu na taa za tyubu au jenereta, kwetu ni umeme wa 50 Hz unaokusalimia. Mhandisi wa Gibson, Seth Lover, aliweka koili 2 sambamba, moja imeungwa kinyume cha mwenzake na sumaku yake imegeuzwa. Mvumo wa umeme unaingia kwenye koili zote mbili ukiwa umepingana, unajifuta. Sauti ya uzi inaingia ikiwa upande mmoja, inajumlishwa. Hataza iliombwa 1955, na kuanzia 1957 pikapu hizo zikaanza kuwekwa kwenye Les Paul. Katika gitaa la umeme sijui ubunifu uliosaidia watu wengi kuliko huo. Na uliingia bila kelele: kwenye gitaa lilelile, palepale pikapu ya zamani ilipokuwa imekaa. Aliyeliangalia kwa mbali hakuona kilichobadilika.

Mwaka mmoja baadaye Gibson haohao wakajaribu kubadilisha umbo lenyewe. Flying V, kama mshale, na Explorer, yenye pembe kama kipande cha bati kilichokatwa vibaya. Mwaka 1958 na 1959 yalitoka kiwandani magitaa ya Flying V yasiyofika 100, biashara ikafungwa. Ila usiharakishe kusema ubunifu ulishindwa, kwa sababu miaka hiyohiyo Les Paul nayo haikuwa ikiuzika. Kufika 1961 waliiondoa, wakaleta gitaa jembamba lenye pembe mbili ambalo leo tunaliita SG. Les Paul zile zikabaki madukani kama mali ya mtumba, mpaka vijana wa Uingereza walipoziokota. Keith Richards alikuwa nayo 1964. Eric Clapton aliirekodi 1966 ikiwa imechomekwa kwenye ampu (mashine ya kukuza sauti) iliyofunguliwa mpaka mwisho. Gibson wakairudisha 1968. Leo moja ya zile za 1958 mpaka 1960 inauzwa bei ya nyumba, na nyumba yenyewe siyo ya Chanika. Flying V nayo ilikuja kupata watu wake, wapigaji wa roki nzito.

Leo Fender mwenyewe ananihuzunisha kidogo. Aliuza kampuni yake kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, mwaka 1965 kwa dola milioni 13, lakini hakuacha kubuni. Katika kampuni yake ya mwisho, G&L, alitengeneza pikapu mpya na madaraja mapya, na akatamka waziwazi kwamba magitaa hayo ndiyo bora kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki 1991. Wanunuzi walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaenda kulipa zaidi kwa magitaa aliyokuwa ameyafanya miaka 30 nyuma.

Kwa hiyo walilipatia mara ya kwanza? Hapana, aliyelipatia mwenyewe alisema ameshalipita. Wapigaji ni wagumu? Hapo nusu na nusu. Ninachokiona mezani kwangu ni hiki: gitaa la 1954 limekuwa kipimo cha pamoja, kama betri ya saizi ya tochi. Shingo iliyotengenezwa Indonesia inaingia kwenye bodi iliyotengenezwa Mexico, skrubu zinaangukia matundu yaleyale au karibu yake. Ukiwa na kipimo cha namna hiyo, ubunifu haukomi, ila unaingia kwa kipande kimoja kimoja. Funguo zinazobana uzi zenyewe, freti za chuma kisichoshika kutu, pikapu za koili moja zisizovuma: vyote hivi vimeingia kwenye magitaa ya "zamani" na hakuna aliyepiga kelele. Mwombe mzee akuonyeshe kitundu kilichoko mwanzo au mwisho wa shingo ya gitaa lake, kinachoingia kiufunguo cha pembe sita. Ndani kuna fimbo ya chuma ya kunyoosha mpindo. Gibson walipata hataza ya fimbo ya kurekebishika mwaka 1923. Mzee anapiga uvumbuzi kila Jumamosi.

Kinachokataliwa ni kulazimishwa. Mwaka 2015 Gibson walichukua karibu magitaa yao yote ya Marekani wakayawekea mashine ya kujikaza nyuzi yenyewe kwa mota ndogo na betri, wakapanua shingo, wakabadilisha na kile kipande ambacho nyuzi hupita kabla ya kufika kichwani, na bei wakapandisha. Mashine yenyewe siyo upuuzi. Nimeishika, inakaza nyuzi zote 6 wakati wewe unafuta jasho. Lakini mnunuzi hakuachiwa nafasi ya kusema hapana, na kwa mwaka uliofuata ikabidi warudishe matoleo yenye funguo za kawaida. (Kampuni ilipoomba kinga ya mufilisi Mei 2018, wengi walisema mota zile ndizo zilizoiua. Si haki. Mzigo mkubwa ulikuwa madeni ya kununua biashara za vifaa vya sauti vya nyumbani.)

Mbunifu Floyd Rose yuko katikati ya kukubaliwa na kukataliwa. Daraja lake, la hataza ya 1979, linabana nyuzi pande zote mbili, na kuliweka ni lazima mti uchimbwe. Watu wakachimba, wakaharibu magitaa mazuri tu, kwa sababu walimsikia mpigaji wa roki Eddie Van Halen akiuangusha uzi mpaka unalegea kama kamba ya kuanikia nguo, kisha ukarudi palepale. Walikuwa na shida wanayoisikia kwa masikio yao, na dawa ikaonekana. Kwa sebene na rumba sikushauri, maana kubadilisha uzi mmoja uliokatika ni shughuli, na harusi haikusubiri.

Sasa gitaa lako.

Kichwa cha gitaa kina kazi mbili: kubeba funguo, na kuubana uzi ukae vizuri kwenye mfereji wake mwanzoni mwa shingo. Gibson wanakilaza nyuma kwa nyuzi 17 (nyuzi za hesabu, siyo za gitaa), na shingo yenyewe ni kipande kimoja cha mkangazi. Maana yake ni kwamba hapo kwenye kona mishipa ya mti inakatwa fupi, na ni hapohapo ndipo panapochimbwa shimo la ile fimbo ya chuma. Gitaa la mtindo huo likiegemezwa ukutani likateleza, ni hapo linapovunjika. Nimeshagundisha mengi, mengi yakiwa nakala za bei rahisi: gundi ya mbao, jiriwa nne, usiku mzima, na onyo kwa mwenyewe asiegemeze tena. Miaka ya 1970 Gibson waliongeza kinundu nyuma ya kona hiyo ili kuipa nguvu. Kilisaidia. Wanunuzi wakakinunia kwa sababu magitaa ya 1959 hayakuwa nacho, kikaondolewa. Hapo, ndugu yangu, ndipo wapigaji ni wagumu, na sina utetezi.

Ned Steinberger alikuja na macho ya nje. Alikuwa mbunifu wa samani. Aliona besi zinavyozama upande wa kichwa kwa uzito wa funguo zake 4 kubwa, akajiuliza funguo zinafuata nini huko mbali. Akazihamishia kwenye daraja, akakata kichwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akauza besi na magitaa yasiyo ya mti bali ya nyuzinyuzi za kaboni zilizogandishwa, bodi ndogo kama sanduku la viatu. Shingo ile haikujua masika wala kiangazi. Mwaka 1987 Gibson waliinunua kampuni yake. Kisha miaka ya 1980 ikaisha, na gitaa lililokuwa alama yake likaondoka na mitindo ya nywele. Limerudi miaka hii kwa watu kama Ola Strandberg wa Sweden, safari hii kwa mti, jepesi, na vijana wanaolipiga hawakumbuki kwamba liliwahi kuchekwa.

Kwa hiyo kiufundi shemeji hajakutafutia mdoli. Ukisimama nalo saa 6 za harusi bega litakushukuru, na kwenye daladala linaingia pale ambapo gitaa la mzee haliingii. Wasiwasi wangu uko kwingine. Magitaa ya Steinberger ya mwanzo yalitaka nyuzi zenye kishikizo cha chuma pande zote mbili, zimepimwa urefu kiwandani. Kariakoo nyuzi hizo sijawahi kuziona zikining'inia dukani, na nikikosa mimi Kariakoo, wewe Tanga utazipata wapi Ijumaa jioni? Mengi ya sasa yanatumia nyuzi za kawaida: upande mmoja unaubana uzi kwa skrubu ndogo, unakata kinachobaki. Ni lazima ujue lako ni la kundi gani kabla ya shilingi kutoka.

Pili, funguo za nyuma. Zikiwa za bei rahisi, meno ya skrubu zake yanalika kwa chumvi na jasho, na vidole vyako vitalazimika kukamua kama unafungua chupa ya dawa. Bahari yenu haina huruma na chuma. Na funguo hizo, tofauti na za gitaa la kawaida, hazina kipimo cha pamoja. Kila kiwanda na chake.

Tatu, lile neno la mzee kuhusu mti. Shingo yako ikiwa ya mti, unyevu wa Tanga utaikunja kama unavyokunja zote, hivyo hakikisha fimbo ya ndani inazunguka. Kuhusu sauti, mimi nasema bila woga kwamba pikapu, urefu wake kutoka kwenye nyuzi, na ampu unayochomeka vinasema zaidi kuliko jina la mti. Mwaka 2017 biashara ya miti yote ya jamii ya Dalbergia ilipowekewa vibali vya kimataifa, mpingo wetu ukiwemo, baadhi ya viwanda viliacha mbao hizo kwenye ubao wa vidole. Wanunuzi wakalalamika kwamba sauti imekufa. Vyombo vilivyokwisha kutengenezwa vikaondolewa kwenye masharti hayo mwishoni mwa 2019, na malalamiko mengi niliyosikia yalikuwa ya macho zaidi kuliko masikio.

Na mzee umwelewe. Alipoanza yeye, bendi kubwa zilikuwa za NUTA (chama cha wafanyakazi), za Polisi, za JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Ukihama, unaacha gitaa. Hakuchagua umbo, mkono wake ulilelewa na alichopewa, na kila fundi aliyemjua alijua kulifungua. Anaposema mdoli, sehemu ya hofu yake ni kwamba likizima saa 4 usiku hakuna wa kuliamsha. Hofu hiyo ninayo pia.

Ningekuwa wewe ningelichukua, kama linatumia nyuzi za kawaida na kama ndani yake hakuna betri, yaani hakuna saketi kama ile iliyokufa ya gitaa la pili la Mbagala. Ukikosa moja ya hayo, tafuta la skrubu 4, hata la nakala, pesa itakayobaki nunua ampu bora. Mwambie shemeji akupigie picha 3 kwa karibu, mchana, nje: daraja kwa nyuma funguo zikionekana, ncha ya shingo pale nyuzi zinapobanwa, na tundu la nyuma likiwa limefunguliwa kifuniko ili nione waya. Azungushe pia kila ufunguo akuambie upi mgumu. Nitumie kabla hajalipa.